Viongeza vya chakula kwa wanakondoo: Kigoma anza na mashudu ya mise

Anayenenepesha wanakondoo Kigoma, awe Kasulu, Buhigwe au pembezoni mwa Ujiji, ana chakula ambacho mikoa mingi haina: mashudu ya mise, yaani masalia ya kokwa za chikichi zikishakamuliwa mafuta. Kiongeza chochote utakachokitia, yaani kitu kidogo kama madini, urea, soda au hamira, kitafanya kazi juu ya msingi huo, kwa hiyo swali la kwanza si kiongeza gani ni kizuri. Uliza kwanza mwanakondoo wako anakula nini tayari.

Mashudu ya mise yana protini ya asilimia 14 hadi 18, nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo. Yanachachuka polepole tumboni, jambo jema, maana hayaleti asidi ya ghafla kama unga wa mahindi. Yale ya mashine ndogo hubaki na mafuta mengi. Mafuta yakizidi asilimia 5 au 6 ya chakula chote, vijidudu vinavyosaga nyuzi katika tumbo kubwa hudhoofika, na nyasi alizokula mnyama zinapita bila kumfaa. Mafuta hayohayo huchacha haraka, kwa hiyo nunua ya wiki chache tu, yahifadhi pakavu, na chekecha vipande vya ganda gumu.

Kinachonisumbua zaidi ni shaba, namaanisha madini ya shaba yaliyomo ndani ya chakula. Ini la kondoo huishika shaba na huitoa kwa shida sana, tofauti na la ng'ombe au hata la mbuzi. Mashudu ya mise mara nyingi hubeba mg 20 hadi 30 kwa kilo, na mashudu ya alizeti nayo hayako mbali na hapo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mg 15 kwa kilo katika chakula kamili cha kondoo. Sasa chukua chakula ambacho asilimia 60 ni mise, ongeza madini ya ng'ombe yenye shaba, na umevuka mpaka bila kuona dalili yoyote. Ini hujaa shaba kwa wiki au miezi mnyama akiwa mzima kabisa. Siku akipata msukosuko, safari ya mnadani au kukosa chakula, shaba humwagika kwenye damu kwa mkupuo na chembe nyekundu zinapasuka. Macho na ufizi vinakuwa vya njano, mkojo unakuwa mwekundu au mweusi, na kifo hufuata ndani ya siku moja hadi tatu. Wengi hudhani ni ugonjwa wa kupe. Ukimpasua utakuta ini la njano na figo nyeusi zenye rangi kama ya chuma.

Kwa hiyo: mise isizidi asilimia 25 hadi 30 ya chakula cha ziada (pumba na mashudu unayompa mbali na nyasi), nyasi au majani yawe angalau nusu ya anachokula kwa siku, na madini yawe ya kondoo, yasiyoongezwa shaba. Chakula cha kuku na cha nguruwe usikiguse. Mara nyingi kina shaba nyingi, na cha kuku kinaweza kuwa na monensini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo vinavyoharisha) ambayo kwa kiasi kisichopimwa huua kondoo, na kwa punda kiasi kidogo tu kinatosha kuua. Zipo chumvi za molibdenamu na salfa zinazofunga shaba tumboni, lakini dozi yake ni ya daktari wa mifugo. Usiikadirie kwa kijiko.

Umri nao unaamua mengi. Mwanakondoo huzaliwa tumbo kubwa likiwa halijaamka. Maziwa hulipita na kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Linaanza kukua anapotafuna chakula kikavu, na hufanya kazi karibu kama la mkubwa akifikisha wiki 6 hadi 8. Ndiyo maana kuanzia siku ya 10 hadi ya 14 afaa kuwekewa chakula chake mahali mama hafiki, kwa uwazi wa sentimita 20 hivi. Weka pumba laini na mashudu ya alizeti, kidogo, na ubadilishe kila siku. Mise ni chengachenga na huikataa mwanzoni, basi iingize taratibu kwa wiki mbili. Mashudu ya pamba usimpe katika umri huu, yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, na tumbo changa halina namna ya kuipunguza makali.

Urea pia haina nafasi kabla ya kuachishwa kunyonya. Vijidudu vya tumbo kubwa ndivyo vinavyoigeuza kuwa protini, na vinahitaji wanga wa haraka kama makopa ya muhogo. Kwa aliyeachishwa, kikomo changu ni kilo 1 katika kilo 100 za chakula cha ziada, ukianza na robo kilo na kupanda kwa wiki tatu. Mabonge ya urea, au hori lililonyeshewa mvua na maji yakatuama, ndiyo yanayoua. Ndani ya saa moja utaona mate, kutetemeka, tumbo kujaa gesi na pumzi za shida. Mnyweshe polepole siki nusu lita iliyochanganywa na maji baridi, umwite daktari. Soya mbichi usiichanganye na urea, kwani ina kimeng'enya kinachoivunja haraka kuwa amonia.

Soda ya kupikia, kilo 1 kwa kilo 100, hupunguza asidi ya tumboni, kwa hiyo inafaa pale tu wanga unapotawala: mahindi ya kusaga au muhogo mwingi. Kwenye chakula cha mise na pumba utakuwa unatupa fedha. Na iwe ya kupikia kweli. Soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo kwetu haikosekani, huunguza koo. Hamira hai ina mantiki ileile: inasaidia vijidudu vinavyokula asidi ya laktiki, kwa hiyo faida yake huonekana zaidi wanga ukiwa mwingi, na matokeo yake hubadilikabadilika. Fuata dozi ya pakiti, usiitie kwenye uji wa moto.

Kiongeza ambacho ningenunua kwanza kwa madume ni kloridi ya amonia, chumvi inayoongeza asidi kwenye mkojo ili vijiwe visigande, nusu kilo kwa kilo 100. Pumba na mashudu vina fosforasi nyingi na kalisi (kalsiamu) kidogo, na hapo ndipo vijiwe huziba njia ya mkojo: dume anajikamua, anapiga tumbo kwa mguu, anatoa matone. Chokaa ya mifugo (siyo ya kupaka ukuta) irudishe kalisi iwe karibu mara mbili ya fosforasi. Chumvi, hata ile ya Uvinza, humfanya anywe maji zaidi, na maji hayo ni kinga.

Mchanganyo wa kilo 100 kwa walioachishwa: pumba za mahindi 46, mise 25, alizeti 20, makopa 5, chokaa 2, chumvi 1, kloridi ya amonia nusu, madini ya kondoo nusu. Protini inakaribia asilimia 14. Mwanakondoo wa kilo 15 anatoshwa na gramu 250 kwa siku, nyasi kwa kushiba. Vitu vya nusu kilo usivimwage kwenye rundo kubwa. Vichanganye kwanza na kilo 2 za pumba, kisha na 10, ndipo uingize kwenye vyote.

Minyoo na koksidia vitangulie kushughulikiwa. Kope za ndani zikiwa nyeupe, minyoo imemmaliza damu, na hamira haitamnenepesha. Dawa za antibayotiki za kukuzia siziungi mkono. Ulaya ilizipiga marufuku mwaka 2006, na usugu wa vijidudu kwa dawa hizo unatufikia sisi pia.

Ukitaka kujua kiongeza kinalipa, gawa kundi mara mbili kwa uzito unaolingana, wape chakula kilekile, kundi moja tu liongezewe. Pima asubuhi kabla ya kula na kunywa, kila wiki mbili, kwa wiki 8. Tumbo lililojaa linaweza kuongeza kilo nzima kwa mnyama wa kilo 15, kwa hiyo vipimo vya wiki moja havisemi kitu. Kondoo wetu wa asili hukua gramu 50 hadi 100 kwa siku. Tofauti ya gramu 10 ni zaidi kidogo ya nusu kilo kwa wiki 8 zote, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya pakiti.