Mtetemeko wa Kilomita 90

Jumamosi jioni, Morogoro.

Juzi tairi lililotusumbua kwa miezi mitatu liling'olewa kwenye gari letu, nami leo nimeketi kuandika kabla sijasahau mambo yalivyofuatana, kwa kuwa kila ninapolikumbuka najiona nikiwa Chalinze na mama amekaa juu yake hasa.

Gari ni dogo, la otomatiki, linalovutwa na magurudumu ya mbele, na kazi yake kubwa ni kumpeleka mama kliniki Dar es Salaam mara moja kwa mwezi, mwendo wa kilomita 190 hivi kwenda tu. Katika moja ya safari hizo niliona kwamba usukani unanitetemekea mikononi. Haukufanya hivyo mjini, wala kwenye vijiji ambako vibao vya 50 humlazimu kila dereva apunguze mwendo; ulianza nilipofika kilomita 85 kwa saa, ukawa mkali kwenye 90, kisha nilipovuka 100 ukafifia mpaka ukakaribia kwisha. Tabia hiyo ndiyo iliyonipotosha. Nilidhani kwamba kitu kibovu kingezidi kutikisika kadiri mwendo unavyoongezeka, na kwamba ugonjwa unaopona wenyewe njiani hauwezi kuwa mkubwa.

Gereji ya kwanza hawakuliendesha gari hata hatua moja. Walilipiga jeki, wakalitikisa gurudumu kwa mikono, wakaniambia boljointi na tairodi, yaani viungo vinavyolishika gurudumu na fimbo zinazoligeuza, zimechoka. Nilinunua, zikafungwa, na mtetemeko ukabaki palepale. Gereji ya pili walinifanyia balansi ya matairi, yaani kusawazisha uzito wake, na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu; mashine ilionyesha sifuri kwa matairi yote manne, nikaamini. Safari iliyofuata usukani ulikuwa umetulia kabisa, nami nikamshukuru Mungu. Lakini tulipokuwa tunapita Mikese, mama, ambaye hukaa nyuma ili aweze kunyoosha goti lake, aliniambia kwamba kiti kinamtetemesha. Nilimjibu kuwa ni barabara. Aliporudia karibu na Chalinze nilimwambia, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, fundi ameshatengeneza." Hakusema tena mpaka Dar es Salaam.

Juzi nilikwenda kubadilisha oili kwa fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yake, na katika mazungumzo nikamweleza habari ya usukani kama jambo lililokwisha. Akaacha spana. Aliniuliza lilikuwa likitetemeka kwenye mwendo gani, na kama lilizidi nilipokanyaga breki, na kama lilizidi nilipoongeza mafuta kupanda mlima. Sikuwahi kuulizwa maswali hayo, na sasa najua kila moja lilikuwa linafunga mlango mmoja: mtetemeko unaokuja na breki humwelekeza fundi kwenye diski za breki, na ule unaokuja gari linapovuta kwa nguvu humwelekeza kwenye jointi za ndani za shafti za magurudumu. Kisha akauliza swali la mwisho. "Nyuma hukaa nani, mwanangu, na husemaje?"

Nilishindwa kujibu mara moja.

Tulikwenda kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Dodoma, yeye akiendesha nami nikiwa nimekaa mahali pa mama. Kwenye 90, barabara ikiwa tupu, aliweka gia huru kwa sekunde chache. Injini ikashuka sauti, lakini mtetemeko haukubadilika hata kidogo. Kwa jaribio hilo moja injini na maunti zake, yaani vishikizo vyake, zikaondoka kwenye orodha, kwa maana kilichobaki kikitetemesha ni kile kinachozunguka pamoja na magurudumu. Na kweli nilikisikia: kilipanda kutoka sakafuni, kikapita kwenye kiti hadi kwenye mapaja, kikali kuliko nilivyowahi kukihisi mbele.

Tuliporudi alitazama jinsi matairi yalivyolika, akaniambia kwamba ya mbele na ya nyuma yamebadilishana nafasi. Gereji ya pili walikuwa wameyahamisha bila kunieleza. Gurudumu la mbele hupeleka mtetemeko wake mikononi kwa kupitia tairodi na usukani. La nyuma huupeleka kwenye sakafu na viti. Kwa hiyo hakuna kilichotengenezwa. Ubovu ulitoka kwangu ukaenda kwa mama, naye akaniambia mara mbili.

Nilimuuliza kwa nini 90. Gurudumu letu lina mzingo wa karibu mita 2, na kwa mwendo huo gari hukata mita 25 kwa sekunde, maana yake gurudumu huzunguka kama mara 12 na nusu kila sekunde. Springi, bushi za mpira na mikono inayoshika gurudumu navyo vina mdundo wao wa asili, na misukumo ya tairi ikiangukia kwenye mdundo huo, hukua kama bembea inayosukumwa kila mara kwa wakati wake. Ukivuka 100 misukumo haiangukii tena hapo, kwa hiyo dereva hupata nafuu ilhali tairi lenyewe linateseka zaidi. Maelezo hayo yaliniuma, kwa sababu mara kadhaa nilikanyaga mafuta makusudi ili niukimbie mtetemeko.

Lilibaki fumbo la mashine iliyoonyesha sifuri. Mzee alilipiga jeki gurudumu la nyuma kushoto, akaweka tofali lenye kipande cha chaki karibu na uso wa tairi, akalizungusha polepole kwa mkono. Nafasi ilipanuka, ikapungua, na mahali pamoja mpira ukaigusa chaki. Mashine ya balansi hupima jinsi uzito ulivyogawanyika, haitazami kama tairi ni duara. Tairi linaweza kuwekewa vizito vya risasi likatimiza sifuri huku umbo lake limeharibika. Aliushika mkono wangu akaupitisha pale palipokuwa na alama ya chaki, nikahisi uvimbe mpana kama kiganja. Nyuzi za chuma zilikuwa zimeanza kuachana na mpira kwa ndani. Ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba inayoonyesha tairi lilitengenezwa lini zilisomeka 1914, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2014. Nililinunua likiwa limetumika, na sikuwahi kusoma tarakimu hizo.

"Hili usirudi nalo hata mjini," alisema. Aliniazima tairi lake la akiba.

Leo nimefunga matairi mawili mapya nyuma, na baada ya chakula cha mchana nilimwomba mama tutoke kidogo. Nilimweleza yote kabla ya kuwasha gari na nikamwomba radhi kwa namna nilivyomjibu siku ile. Alisikiliza, akasema tuondoke jua lisituchwee. Tulipopita vibao vya mwisho vya 50 aliweka kiganja kitini na kuuliza, "Hapa ni ngapi?"

"Ni 90, mama."

Aliuacha mkono pale kwa muda. Tulipokaribia Mikese nilitazama kwenye kioo, nikamwona amelala.