Vidoti 612: siku moja maabara kwangu

Saa moja asubuhi nimeshavaa koti jeupe. Mtaani wanasema "yule anapima damu". Damu sijaigusa tangu nimalize chuo. Kazi yangu ni kufuga bakteria wa Salmonella, aina ya TA100, ambao jeni yao imeharibiwa makusudi wasiweze kujitengenezea histidini, kijenzi kimoja cha protini. Bila histidini hawakui. Ila jeni hiyo ikibadilika tena na kurudi kazini, bakteria mmoja anazaana mpaka aonekane kama kidoti. Kila kidoti, badiliko moja. Bruce Ames alibuni kipimo hiki Marekani miaka ya 1970, kunasa vitu vinavyobadilisha jeni, maana vingi vyao huweza kuleta saratani.

Saa mbili natoa sahani za bakteria zilizokaa saa 48 kwenye nyuzi 37. Zisizo na sumu: vidoti 120 hivi. Zenye sodiamu azidi, sumu inayobadilisha jeni: nahesabu kwa kibonyezo, 340, 341...

"Hodi, mwanangu!"

Hesabu ikapotea. Ni mzee muuza dawa aliyetuletea majani ya mwarobaini. Shikamoo, marahaba, na habari za nyumbani zote. Anataka karatasi yenye muhuri kuwa dawa yake inazuia saratani. Naanza upya, 612. Sahani yenye sumu hiyo hiyo pamoja na dawa yake ina 31. Anapiga makofi.

"Mzee, subiri kwanza."

Vidoti 31 ni pungufu hata ya sahani isiyotiwa sumu. Naweka chini ya hadubini. Kwa kawaida nyuma ya vidoti kuna utando mwembamba wa bakteria, kama ukungu kwenye kioo, maana huwa tunawawekea histidini kiduchu ya kuanzia. Hapa hakuna kitu, peupe. Dawa haikuwakinga, imewaua. Maiti hatoi kidoti.

"Si ndiyo nguvu yenyewe hiyo?" anauliza. Nusu saa nzima namweleza kwamba kuua ni kitu kimoja na kukinga ni kingine, na kwamba hata ikiwakinga bakteria, bado hatujamgusa binadamu. Akaondoka amenuna. Muhuri wenyewe sina.

Chakula cha mchana sikumbuki. Nilizimua dondoo ya majani yake mara kumi, nikaanza kumimina upya. Agari ya juu, ile jeli tunayochanganya na bakteria, lazima iwe nyuzi 45, ikizidi unawachemsha, ikipoa inaganda mkononi. Na umeme ukakatika. Sahani kumi na nane, zote mabonge. Jenereta ikawaka, nikayeyusha nyingine, nikamimina tena, mgongo unauma, mlinzi ananichungulia dirishani na funguo mkononi.

Kwenye daladala kidole gumba bado kinabonyeza. Keshokutwa nahesabu tena, na mlango nitafunga kwa ndani.