Leta Kavera Tupu, Uchukue Mche Mwingine

Kila mwaka Mei ikielekea kwisha lazima kuna mwalimu atakayenipigia simu: shule yetu imepewa miche mia mbili, tunaipanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, tupe ushauri. Ushauri wangu ni mmoja na huwa hawaupendi. Tarehe 5 imbeni, hutubuni, fagieni soko, lakini miche msiiguse. Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya upande wa Uganda, mvua za kwanza ni Machi mpaka Mei. Juni zinaanza kukatika. Mche unaoingia ardhini Juni unakutana na jua kabla mzizi haujashuka hata shibiri moja.

Sisi tulishapanda siku hiyo hiyo. Miche mia tatu, grevilea na musizi, pamoja na hema, soda na mgeni rasmi. Mashimo yalichimbwa asubuhi ile ile na P7, darasa la saba, kila moja likitosha sufuria ya chai. Februari shule ilipofunguliwa tukahesabu iliyobaki: kumi na mmoja. Wengine walilaumu mbuzi, wengine mchwa, na mzee mmoja wa kamati ya wazazi akasema shule imekaa juu ya mwamba, hakuna mti utakaoshika hapo.

Nikang'oa mmoja uliokauka. Ukatoka wote kwa mkupuo kama karoti, na kavera yake, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, bado umeivaa. Ndani, mizizi ilikuwa imezunguka chini mara tatu nne kama kamba ya ng'ombe iliyojiviringa kwenye kigingi, na hakuna hata unywele mmoja uliogusa udongo wa nje. Nikang'oa wa pili, wa tatu. Katika ishirini ya kwanza, kumi na nne ilikuwa na kavera. Kumbe siku ile kuna aliyeshika maikrofoni akawaambia watoto waiache kwa kuwa "inatunza maji". Inatunza kweli, kikombe kimoja cha maji, na mvua yote inayonyesha pembeni haiingii.

Hapo ndipo tulipobuni sheria ya kavera tupu. Mwaka uliofuata hakuna mtoto aliyepewa mche wa pili kabla hajarudisha kavera ya mche wa kwanza. Mwalimu mmoja anakaa na gunia, watoto wanapanga foleni: "Ticha, hii hapa," kavera inaingia guniani, mche unatoka. Jioni tunahesabu kavera, tunahesabu miche iliyosimama, na hesabu mbili lazima zilingane. Nilijiona bingwa kwa muda wa kama saa moja. Kisha gunia likawa na kavera mia na sita wakati miche iliyopandwa siku hiyo ni tisini na nane. Vijana wa P5 walikuwa wameokota kavera za sukari barabarani wakazipaka tope. Za miche ni nyeusi na zina matundu pembeni, kwa hiyo tukazichambua zote moja moja, na waliohusika wakachota maji wiki nzima. Tangu hapo wembe ninashika mimi tu: nakata kitako cha kila mche, unene wa kidole, mizizi iliyojikunja chini iondoke nacho, halafu nakata mstari mmoja ubavuni. Mtoto anaivua tu, kama kumenya ndizi, na kitako kilichokatwa kinabaki kwangu kama risiti.

Mwagilia miche siku moja kabla ya kupanda. Udongo mkavu ukivuliwa kavera unamwagika wote, mizizi inabaki uchi, na hapo hata mvua ya Aprili haikusaidii.

Mashimo sasa tunachimba Februari mwishoni, wakati ardhi ya hapa ni sawa na lami. Usibishane nayo. Jioni mimina nusu jerikeni ya maji mahali pa shimo, kesho asubuhi jembe linazama lenyewe. Grevilea inatosheka na sentimita 45 kila upande. Embe na ovakado nachimba 60. Udongo wa juu, ule mweusi, unaweka kulia. Mwekundu wa chini unaweka kushoto. Kurudisha, unaanza na mweusi uliochanganywa na karai moja la samadi iliyooza, na mwekundu ndio unatengeneza kingo za beseni kuzunguka mti, upana wa mita moja. Samadi mbichi inaunguza. Kama ukiishika bado ina joto, iache. Ya kwetu tuliomba kwa wachinjaji, tukalipa lori tu. Mradi mzima sidhani ulifika laki nne, labda tano ukiweka na chai.

Kupanda ni kuanzia wiki ya mwisho ya Machi mpaka katikati ya Aprili, mvua ikishalowesha ardhi kina cha mkono. Muhula wa kwanza unaisha Mei mwanzoni, kwa hiyo watoto wanaulinda mti wiki kadhaa, na likizo inaangukia ndani ya mvua. Kuna wanaosema Septemba nayo ina mvua. Inayo, lakini Novemba inakwisha, Desemba shule inafungwa, na mti wa miezi mitatu unaachiwa kiangazi peke yake hadi Februari. Kwa ua wa nyumbani, sawa. Kwa shule, hapana. Wala miti usiwagawie P7. Wakishafanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Novemba hawarudi, na mti wao unakuwa yatima. Wape P4, wana miaka mitatu ya kuuangalia.

Ugumu ni kwamba ukitaka grevilea ya kupanda Machi, mbegu zinaingia kitaluni Septemba, na likizo ndefu inaikuta miche ikiwa ya vidole viwili. Mwaka mmoja tuliajiri kijana wa kumwagilia; alimwagilia siku za malipo. Siku hizi tunafunga kitalu. Kila mtoto anayekaa karibu anakwenda nyumbani na kavera kumi ndani ya karai, mama yake anaambiwa aziweke chini ya mwembe karibu na jiko, maji ya kuoshea mchele yanatosha. Februari zinarudi. Zinapotea kadhaa kwa kuku, lakini zinazorudi ni ngumu kuliko za kitalu chochote, maana zimeshazoea jua na njaa. Chagua yenye urefu wa rula na shina nene kama penseli. Watu wanapenda kunyakua mirefu ya mita nzima, kichwa kikubwa mguu mdogo. Hiyo ndiyo inayolala ya kwanza.

Mchwa sasa. Malaba ina magereji kila kona, kwa hiyo oili chafu ni bure, na kila mtu alituambia tumwage shimoni. Tulimwaga chupa ya soda kwa mashimo ishirini. Mchwa hawakuja, kweli. Maji pia hayakuja: yalikuwa yanakaa juu ya udongo kama vile uko kwenye kikaango. Majani yakageuka njano, ishirini yote ikafa, na mashimo yale hadi leo hayaoti hata nyasi. Halafu tukasikia habari za matandazo, tukarundika majani makavu hadi shingoni mwa kila mche. Hiyo ilikuwa karamu. Mchwa walipanda na udongo wao ndani ya majani, wakala gome kwa kuzunguka.

Kuna kichuguu kikubwa nyuma ya vyoo, na mlinzi akapendekeza tukichimbe tumtoe malkia. Habari ilifika kwa bibi mwenye kichuguu kabla jembe halijafika. "Mwanangu, kumbikumbi wangu ninyi mtanilipa?" Kila msimu huja na wajukuu, wanafunika matundu na kugonga vijiti juu yake ili wadudu wadhani mvua inanyesha, wanatoka ndoo nzima. Tukanyamaza. Kichuguu kipo, na miti ipo hatua kumi kutoka hapo.

Kinachofanya kazi ni hiki. Matandazo yakae mbali na shina, shibiri moja kamili pande zote. Ndani ya duara hilo mwaga kikombe kimoja cha jivu la jikoni, rudia kila mvua kubwa ikiliosha. Kati ya mistari ya miti laza mabua ya mahindi. Mchwa wana kitu cha kutafuna, hawana haja ya kuja kwako. Usipalilie kwa jembe karibu na shina, ng'oa kwa mkono, kwa sababu jeraha la jembe ndio mlango wao. Na mche wenye maji hawaushambulii sana. Mara nyingi mchwa ni mchimba kaburi tu, muuaji alishapita.

Mbuzi walitushughulisha kidogo. Mnyaa unafanya ua haraka, lakini maziwa yake yakimwingia mtoto jichoni ni hospitali, kwa hiyo shuleni sitaki kuuona. Tumepanda kayaba, ina miiba ya kutosha, ila inataka miaka mitatu. Wakati huo, koroga kinyesi kibichi cha ng'ombe na maji kiwe kama uji, chovya ufagio, rashia majani. Mbuzi ananusa, anakuangalia, anaondoka. Mvua ikiosha, rashia tena. Watoto wanaipenda kazi hiyo kuliko hesabu.

Kiangazi tunatumia chupa za maji za lita moja na nusu. Madereva wa malori wanaziacha barabarani kila siku. Kata kitako, toboa kifuniko kwa sindano ya kushonea magunia iliyopashwa moto, funga kitambaa mdomoni mchanga usizibe, zika mdomo chini shibiri moja kutoka kwenye shina. Msumari usitumie. Tulitumia, maji yakaisha dakika mbili. Chupa nzuri ukiijaza jioni, asubuhi bado ina kidogo. Mbili kwa kila mti, mara mbili kwa wiki. Maji ya vibuyu chirizi vya vyooni yanakwenda kwenye migomba, yana sabuni lakini migomba haijali.

Kuhusu aina ya miti nina maneno machache. Embe liwe mbali na madarasa, vinginevyo mawe ya watoto yatakula mabati na vioo. Fenesi lisiwe uwanjani, likianguka si mchezo. Ovakado haitaki mahali panapotuama maji. Mvule niliulilia sana, ni mti wa huku kwetu. Tulipanda kumi na tano juani kwa mstari, mdudu mdogo akajaza majani uvimbe, vichwa vyote vikaoza. Tulipochomeka mitano kati ya grevilea zilizokwishakua, kwenye kivuli nusu, minne imepita.

Upandaji wa pili ulikuwa miche mia na arobaini. Baada ya viangazi viwili imesimama mia moja kumi na minane, na yule mzee wa mwamba sasa huegesha baiskeli yake chini ya mmoja wao. Grevilea zimefika kwenye mabati na ni wakati wa kupogoa: tunakata matawi ya chini kwa msumeno, karibu kabisa na shina bila kuchuna gome, na theluthi mbili ya juu inabaki na majani. Matawi yanakwenda jikoni. Mpishi ameshauliza mara tatu tunaanza lini.