Vibali vinne vya Rawdha, simu moja

Baada ya Umra yenyewe, mama alikuwa na haja moja tu: aingie Rawdha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, asali rakaa mbili, amuombee marehemu baba. Tangu utotoni amesikia kwenye darsa ile hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba baina ya nyumba yake na mimbari yake pana bustani miongoni mwa bustani za Peponi. Alichokuwa hajui, na hata mimi nilikijua wiki chache kabla ya safari yetu ya Novemba 2024, ni kwamba siku hizi Rawdha haiingiwi kwa kuwahi foleni. Lazima uwe na kibali, na kibali unakiomba kwenye Nusuk, programu ya Wizara ya Hija na Umra ya Saudi Arabia. Tena utaratibu tuliousafiria ulikuwa kibali kimoja kwa kila siku 365. Ukikipoteza hakikurudii safari hiyo.

Mama anatumia kitochi.

Tulikuwa wanawake wanne kutoka Tanga: mimi, mama, shangazi, na jirani yetu mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi. Wakala alishughulikia visa, tiketi na hoteli. Rawdha akasema kila mtu ajitafutie. Kwa hiyo simu yangu ikawa ya wote wanne.

Visa zilipotoka tu nikanunua daftari, kila mtu nikampa ukurasa wake: jina kama lilivyo kwenye pasi, namba ya pasi, namba ya visa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, barua pepe na neno la siri. Wazee watatu hao hawakuwa na barua pepe, nikawafungulia. Kazi hiyo ilinila jioni mbili nzima, na nasema kwa dhati, ndiyo iliyotuokoa. Aliye na haraka anaanza kujaza akiwa hotelini Madina, amechoka, mtandao unasuasua, pasi imefungiwa kwenye begi lisilojulikana liko wapi.

Kwa Bibi nilikwama. Nilimuuliza tarehe yake ya kuzaliwa, akanitajia mwezi na mwaka aliosimuliwa na mama yake. Nikajaza, ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nilipofungua pasi nikakuta 1 Januari, kama walivyo wazee wetu wengi walioandikishwa ukubwani. Programu inalinganisha na pasi, haina habari na kumbukumbu ya mtu. Kwa mama nako niliandika herufi O mahali pa sifuri, nikahangaika nusu saa. Tangu hapo kila kitu nilinakili kutoka kwenye pasi, herufi kwa herufi, shangazi akinisomea kwa sauti.

Jambo jingine ni namba za uthibitisho. Kila nilipotoka kwenye akaunti ya mmoja na kuingia ya mwingine, zilitumwa kwenye laini ya mwenyewe. Laini za wazee tulikuwa tumeziacha nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, na hilo tulilipanga. Mimi Madina nabonyeza, yeye Tanga anasoma ujumbe na kunitumia zile tarakimu kwa WhatsApp kabla muda wake haujaisha. Kuna usiku alikaa macho mpaka karibu na alfajiri, na asubuhi ana kazi.

Alikaa macho kwa sababu nafasi zilikuwa zimejaa. Wanawake wana vipindi vyao, baada ya Alfajiri na baada ya Isha, na sisi Madina tulikuwa na siku nne tu. Nilipata tatu za saa 8:30 AM siku ya Jumanne. Ya mama ikakosekana. Shangazi alisema yeye atampisha. Nikamwomba asubiri kwanza. Nikawa nafungua kalenda kila baada ya muda mfupi, maana wapo wanaofuta vibali vyao na nafasi zinarudi. Usiku wa manane moja ikatokea, saa ileile. Mikono ilinitetemeka nikibonyeza.

Sasa, hiyo 8:30 AM. Nilipiga skrinishoti za vibali vyote nikaenda kuzichapisha, kila mzee abaki na karatasi yake mkononi, kwa kuwa simu huzima chaji. Jumatatu jioni namsikia Bibi akimwambia shangazi kwamba kesho asubuhi watakwenda sokoni kununua tende, Rawdha ni saa nane unusu mchana. Moyo ulinipasuka. Saa ya Madina ni sawa na ya Tanga, haina tofauti hata dakika, lakini simu inahesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia macheo. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya kila karatasi: SAA MBILI UNUSU ASUBUHI, TUTOKE SAA MOJA. Mwenye kumshughulikia mzee yeyote, naomba hili asilipuuze.

Asubuhi ile tulipanga mstari na wanawake wa kila nchi. Mlangoni walisoma kwa mashine ule mraba wa vidoadoa kwenye karatasi zetu, mmoja baada ya mwingine, wakatukalisha kwa makundi, kisha tukainuliwa. Nilimshika mama mkono mpaka tulipoikanyaga Rawdha yenyewe. Akajua mwenyewe. Akasujudu, akakaa kwenye sijda muda mrefu, namsikia anataja majina: ya baba, ya wazazi wake, ya majirani waliomtuma dua. Dakika si nyingi, wasimamizi wakaanza kutuhimiza, yalla hajja, yalla.

Nje alikaa kivulini, chini ya miavuli mikubwa ya uwanjani, akijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akaniuliza, "Umemwambia mdogo wako kuwa tumeingia?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza, akaishika simu kwa mikono miwili na kumtumia mwanawe ujumbe wa sauti, wa kwanza maishani mwake. Alimwambia, "Baba, nimekutaja nawe."