Bastola moja kwa mwezi
Mjadala wa silaha nchini Marekani hutushangaza sisi wakazi wa Nairobi, kwa kuwa hapa anayetaka hata bastola moja sharti kwanza aithibitishie Bodi ya Leseni za Silaha kwamba ana sababu ya maana. Jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya kutomruhusu mtu kununua zaidi ya bastola moja kwa mwezi mwaka 1993, likaifuta 2012, kisha likairejesha 2020. Iliyemlenga si mwenye duka anayehofia wezi, bali mnunuzi wa kukodiwa, asiye na rekodi ya uhalifu, aliyetoka dukani na bastola kadhaa kwa mpigo na kuwakabidhi walanguzi waliozipeleka New York, ambako sheria ni kali zaidi. Naiunga mkono, ingawa (niseme wazi) haimzuii anayehitaji bastola moja tu kuua.