Namna tulivyopunguza utoro wa watoto wa Kihadzabe bwenini

Katika kazi ya kumsomesha mtoto wa Kihadzabe, hakuna sehemu iliyo nyepesi kama kumnunulia sare. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na tangu mwaka 2016 ada iliondolewa pia kwa sekondari hadi kidato cha nne, hivyo kinachobaki kwa mfadhili ni shati, kaptula au sketi, viatu, madaftari, godoro, shuka, sabuni, na taulo za kike kwa wasichana waliokwisha kuvunja ungo. Kikundi chetu kidogo cha walimu wastaafu na marafiki wa Mbulu na Karatu, kaskazini mwa Tanzania, kilianza kwa kuchangishana vitu hivyo. Tungeweza kuishia hapo na bado tukaandika taarifa ya mwaka yenye picha za kupendeza, lakini watoto hao hao waliopigwa picha wakiwa na viatu vipya walikuwa wakitoka bwenini alfajiri na kutembea hadi kambini kwao, viatu wakiviacha chini ya kitanda.

Wahadzabe ni watu elfu moja na mia kadhaa tu, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola na katika bonde la Yaeda, na wengi wao hadi leo hutegemea kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Lugha yao haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani. Katika miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili wawe wakulima. Maradhi yakawaandama, wengine wakafa, na waliosalia wakarudi porini. Wazee wanaoishi sasa wanakumbuka mambo hayo au waliyasikia kwa wazazi wao, na kwa sababu hiyo neno shule, linapotamkwa na mgeni aliyeshuka kwenye gari, haliwafurahishi kama sisi walimu tunavyotarajia. Nami ni Mwiraqw, jirani yao, wa kabila ambalo mashamba na mifugo yake imelisogelea bonde lao mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza kabla ya kusema.

Nilianza na daftari la mahudhurio. Mimi na mkuu wa shule tulikaa tukapitia miezi iliyopita, tukaona kwamba utoro haukutawanyika ovyo: ulijazana katika majuma ya mwanzo wa muhula, kisha ukapanda tena wakati wa mvua, msimu ambao asali ni nyingi. Baada ya hapo nilikwenda kambini kuzungumza na wazazi. Bibi mmoja, ambaye wajukuu zake wote walikuwa kwenye orodha yetu, aliniambia, "Mwalimu, hatukatai kalamu. Lakini mtoto akikaa kwenu miaka saba akarudi hajui kuchimba, mimi nikizeeka atanilisha kalamu?" Nilimjibu kwamba ana haki, akacheka, akaniuliza kama ninayo sigara.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu aliyezoea watoto wa wakulima hulielewa kwa taabu. Kambini, mtoto wa miaka sita au saba hujitafutia sehemu ya chakula chake mwenyewe: huchuma matunda, huponda ubuyu, hupiga ndege kwa upinde mdogo, na ni nadra mtu mzima kumwamrisha. Mtoto kama huyo akiwekwa bwenini, asubiri kengele ili ale ugali na maharage, na kila anayempa agizo azungumze lugha ambayo ameanza kujifunza mwezi huo, hatahitaji kuonewa na mtu ili aamue kuondoka. Akiuona mlima wa kwao kwa mbali anajua njia.

Kwa hiyo nilipendekeza kwenye kikao kwamba sehemu ya fedha za sare iwe posho ya wazee. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Bibi mmoja na mzee mmoja, watakaochaguliwa na kambi zenyewe na si na sisi, wangekaa karibu na shule katika majuma ya kufungua muhula, na baadaye wangekuja kila Jumamosi. Jioni wangewasimulia watoto hadithi kwa Kihadzabe. Jumamosi wangetoka nao kuchimba mizizi, kuokota ubuyu na kumfuata ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Posho ilikuwa unga, sukari, majani ya chai na fedha kidogo, na kwa muhula mzima iligharimu chini ya magodoro ya bweni moja.

Utekelezaji ndio uliotutoa jasho. Kikundi chetu kilikuwa kimesajiliwa ngazi ya wilaya chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na katiba yetu ilitaja elimu peke yake, hivyo ilibidi tuitishe mkutano mkuu, tuongeze utunzaji wa mila katika malengo, na kupeleka mabadiliko kwa afisa maendeleo ya jamii. Mkuu wa shule naye hakuweza kuruhusu wanafunzi watoke na watu wasio watumishi bila idhini ya halmashauri, na hapo nilimwona kuwa sahihi kabisa. Tuliandika barua kwa mkurugenzi kupitia kwake, wazazi wakaweka dole gumba kwenye fomu za ridhaa, mwenyekiti wa kijiji akashuhudia, na tukakubaliana kwamba matroni awe anafuatana na watoto kila watokapo. Matroni huyo, ambaye mwanzoni alilalamika kuhusu miiba, sasa huenda na ndoo yake mwenyewe.

Wapo wafadhili waliotaka zaidi ya hapo. Rafiki mmoja wa ng'ambo aliomba picha za watoto wakiwa wamevaa ngozi na kushika pinde, akisema zingevuta michango. Tulikataa, kwa sababu upande wa Mang'ola tayari wapo watoto wanaoacha masomo ili wakawe sehemu ya maonyesho ya watalii. Ngoma ya epeme, ambayo huchezwa gizani katika usiku usio na mwezi, hatukuigusa hata kidogo. Hiyo ni ya kambi, na mtoto huikuta nyumbani wakati wa likizo.

Utoro wa mwanzo wa muhula ulipungua sana. Ule wa msimu wa asali haukukoma, ila tulifikia makubaliano: mzazi anayemhitaji mtoto huja mwenyewe shuleni, husema siku ya kumrudisha, na mwalimu huandika ruhusa badala ya utoro. Wengi humrudisha. Wachache huchelewa, nasi hatuwafuati na mgambo.

Tumejifunza pia kutosaidia palipokwisha kusaidiwa. Baada ya jamii za bonde la Yaeda kupata hati za kimila za ardhi yao mwaka 2011, msitu wao umekuwa ukiwaingizia mapato ya hewa ukaa, yaani malipo ya kuutunza usikatwe, na vijiji hutenga sehemu ya mapato hayo kwa elimu na matibabu. Kabla ya kila muhula mimi huenda kwa mtendaji wa kijiji nikiwa na orodha yetu, tukailinganisha na yao, ili mtoto mmoja asipewe sare mbili na mwingine akakosa.

Sekondari ndiyo inayotusumbua sasa. Shule ziko mbali, masomo ni kwa Kiingereza, na hakuna bibi anayeweza kuhamia huko. Wale waliofika kidato cha kwanza tunawalipia nauli ya kurudi nyumbani kila likizo, hata ile fupi. Tumeanza pia kuwatafutia vyeti vya kuzaliwa wakiwa bado darasa la tano, kwa kuwa mikopo ya elimu ya juu haiombwi bila cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na mtoto aliyezaliwa kambini mara nyingi hana karatasi yoyote isipokuwa kadi ya kliniki, ikiwa haikulowa mvua. Fungu la mwaka huu limekwenda zaidi huko, na sare tumenunua chache.