Mombasa na Bibi: siku nzima ya kula na kubishana

Haya, wale mnaoniuliza picha za Mombasa ziko wapi, picha zipo ila nyingi ni za sahani. Msinilaumu. Tulipanga kutembea tukaona vitu, tukaishia kula huku vitu vikituona sisi.

Kwanza niwape picha ya msafara. Mimi, mume wangu, binti wa miaka kumi na moja, kitinda mimba wa miaka sita ambaye hachoki kuuliza maswali, na mama mkwe wangu, ambaye humu tutamwita Bibi kama watoto wanavyomwita. Sisi ni watu wa Tanga na mtu wa Tanga ana ugonjwa wake, anaamini pwani imeanzia Chumbageni ikaishia Mikanjuni, kwingine kote wanaigiza. Bibi ugonjwa huo anao kwa kiwango cha kulazwa.

Ila Bibi ni Mdigo, na Wadigo mpaka haujawahi kuwagawa sawasawa, kwetu wapo, Kwale wapo, Likoni wapo. Dada yake mkubwa aliolewa Likoni miaka ya sabini mwanzoni, na Bibi akiwa msichana alikuwa anakwenda kumtembelea anakaa hata mwezi. Halafu ikaja 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa. Ulipokuja kufunguliwa 1983 Bibi ana watoto watatu na genge la kuuza samaki, safari ikawa mwakani, tena mwakani, dada mtu ndo akawa anakuja Tanga kwenye misiba na harusi, Bibi mwenyewe hajavuka tena mpaka mwaka huu. Kwahiyo yeye Mombasa aliyonayo kichwani ni ile ya kabla ya 1977 na anaitetea kama vile jana tu alikuwa huko.

Basi letu, Horohoro, mihuri, Lunga Lunga, mihuri, tukalala Likoni kwa huyo dada. Hayo hayana hadithi. Hadithi ni siku ya pili.

Asubuhi tunatoka kuvuka kwenda kisiwani, mimi nikamuuliza kijana mmoja pale njiani "samahani, kwenye pantoni ni huku?" Akaniangalia. Pantoni? Bibi akanivuta mkono, "wenzio wanaita feri, usitutie aibu mapema yote hii." Raha ya feri ya Likoni ni kwamba mwenda kwa miguu halipi kitu, wanaolipa ni magari, sa wewe wazia watu wanaokwenda kazini kisiwani asubuhi ile, geti likifunguliwa ni kama maji ya bwawa yameachiwa. Nilimshika kitinda mimba mkono mpaka akalalamika namuumiza. Maji yenyewe mnavuka dakika chache tu, mara umefika, na meli kubwa za mizigo zinazokwenda Kilindini zinapita hapo hapo, mtoto akakazana kupunga mkono mpaka baharia mmoja huko juu akampungia. Siku yake ikawa imekamilika saa mbili asubuhi.

Tulikuwa hatujanywa chai makusudi. Ushauri wangu kwa anayekwenda Mombasa, usishibe ulikolala. Mji wa Kale kuna mama anakaa na sufuria mbili pembeni ya njia, moja mbaazi za nazi, nyingine mahamri yamefunikwa kwa kitambaa, na ukichelewa unakuta anaosha vyombo. Sisi tumezoea kusema maandazi, ila nikubali tu, hamri la Mombasa ni kitu kingine, limekandwa na tui, iliki haijafanyiwa ubahili, ukilipasua ndani kuna uwazi kama mfuko, unachota mbaazi kwa huo mfuko. Mbaazi zenyewe rojo zito, tui limekaa juu jeupe na kipande cha pilipili mbichi kimelala.

Bibi akaonja. Sote tukamwangalia. "Si mbaya," akasema, "ila za Tanga zinapikwa kwa nazi ya kukuna." Yule mama akajibu bila hata kugeuka, "na hii mama ilikunwa saa tisa usiku, mbuzi ile pale." Kweli mbuzi ya nazi ilikuwa pale ukutani, ina machicha bado. Bibi akanyamaza akala mahamri manne.

Sasa kwenye kulipa. Mama anasema sahani ya mbaazi hamsini. Kitinda mimba macho yakamtoka, "Mama! Hamsini tu?! Hata mimi ninayo!" akatoa mfukoni sarafu yake ya shilingi hamsini ya kwetu, ile ambayo hata pipi dukani wanakuzungusha. Ilibidi nimweleze kwamba mia moja ya Kenya ni kama elfu mbili yetu, sa hamsini ya huku ni kama buku, akawa haelewi kwanini hamsini moja iwe kubwa kuliko hamsini nyingine wakati zote ni hamsini, na mimi nikagundua sijui kumjibu. Yule mama akaichukua ile sarafu akaigeuza, upande huu Mzee Mwinyi, upande huu kifaru na mtoto wake, akampa hamri moja akamwambia tumebadilishana. Mtoto siku nzima anajiita mfanyabiashara.

Fort Jesus tukaingia kama saa nne, jua limeshakuwa kali. Mimi majumba ya kale huwa yananichosha lakini lile lina kitu. Wareno walilijenga 1593 mpaka 1596, ramani ilichorwa na Mtaliano, kuta za mawe ya matumbawe nene mpaka binti yangu alinyoosha mikono yote miwili kupima na hakufika popote. Mwaka 1696 watu wa Oman wakalizingira, na hapa ndo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu hawakulizingira wiki mbili, walilizingira karibu miaka mitatu mpaka Desemba 1698. Waliokuwa ndani njaa na maradhi viliwamaliza. Meli ya Wareno iliyokuja kusaidia ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa chini ya maji miaka ya sabini vimewekwa humo makumbusho, unaviona. Miaka mitatu bila mbaazi, mume wangu akasema, na mimi nikacheka kwa sauti sehemu ambayo haikuwa ya kucheka.

Kuna ukuta una michoro ya askari wa Kireno, wamechora meli na makanisa na watu, michoro kabisa ya mtu aliyeboreka kazini. Binti akaipenda kuliko mizinga. Bibi yeye akasema alipokuwa msichana wazee walikuwa bado wanapaita jela, na ni kweli, Waingereza walipafanya gereza toka 1895 mpaka 1958. Hakutaka kukaa sana vyumba vya chini. Akatoka akakaa kivulini, anapepea na mtandio, anatutuma maji.

Kutoka hapo tukashika Ndia Kuu. Ndiyo, ndia. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, "njia" ni "ndia", na hii ilituletea kisa. Kuna mzee mmoja barazani anauza kahawa tungu, dele lake la shaba juu ya mkaa, akamuona kitinda mimba kakodoa macho, akamwita, "ndoo hapa, ndoo!" Mtoto akasimama akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia nyuma yangu. "Mama, anataka ndoo. Ndoo iko wapi?" Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye baraza la watu asiowajua. Yule mzee naye alipoelewa akacheka, akampa kashata, Bibi akapewa kikombe na wakaanza, mzee anauliza Tanga ya wapi, Bibi anataja mtaa, mzee anasema alifika huko na jahazi zamani, na sisi tumesimama juani karibu nusu saa tukitazama milango ya nakshi ambayo kwa kweli ni mizuri ila mlango mmoja unautazama mara ngapi jamani.

Mtaa wa Biashara ndo niliponaswa mimi. Nimeingia duka moja nikasema nataka kanga, dada wa dukani akaniuliza "leso za aina gani?" Nikamwambia sio leso, sijapata mafua, nataka kanga. Akabaki ananiangalia. Huku leso ndo kanga! Sisi leso ni ya kufutia jasho. Bibi akaingilia kati kama wakili, akaeleza mambo yanavyosimuliwa, kwamba zamani wanawake wa pwani walinunua leso za Wareno zimeungana kwenye jora, wanakata wanazishona zinakuwa nguo, kwahiyo Mombasa wamebaki na jina la mwanzo, "kwahiyo nyie ndo mmepotea," akamalizia. Ndiyo mara ya kwanza siku ile aliyoipa Mombasa pointi kwa mdomo wake. Nikanunua doti mbili, ningeweza kununua sita mume wangu asingekuwa amesimama mlangoni anaangalia saa.

Marikiti, soko lao, tulipita haraka, harufu ya bizari na mdalasini, achari, mabuyu mekundu, watoto ndimi zikawa kama wamekunywa wino, endelea. Pembe za ndovu pale Moi Avenue tukapiga picha kama kila mtu, ni bati tu lile, alumini, ila usipopiga utaulizwa ulikwenda Mombasa gani.

Mchana nilitaka biriani ya kukaa mezani. Nilishindwa kura. Watoto walishaona viazi karai, yaani kiazi kimechemshwa kikachovywa kwenye uji mzito wa unga wenye manjano, kikazama kwenye mafuta, halafu unapewa na ukwaju. Huo ukwaju! Mchachu, mtamu, una pilipili inayokuja nyuma kama mtu aliyechelewa kikao. Mume wangu akaomba ukwaju wa kuongeza mara tatu, mara ya tatu kijana akamwachia bakuli zima akaendelea na kazi zake. Bibi akasema ukwaju wa Tanga ni mzito zaidi. Nikamuuliza, Bibi, Tanga hivi viazi unavila wapi? Akasema "kwangu." Mimi nimeolewa nyumba hiyo miaka kumi na tatu sijawahi kuviona.

Jioni tukachukua tuktuk, ndo bajaji hiyo msishangae, mpaka Mama Ngina ufukweni, ambako mibuyu imezeeka na mji wote unakuja kupunga upepo. Madafu, mihogo ya kukaanga imepasuliwa ikapakwa pilipili na ndimu, watu wamekaa ukutani miguu inaning'inia, meli zinaingia bandarini taratibu karibu kabisa, unaona mpaka nguo zimeanikwa huko juu. Hapo hakuna aliyebishana. Bibi alikunywa dafu akaomba lipasuliwe, akala na nyama yake, akakaa kimya anaangalia ng'ambo, Likoni. Akasema tu zamani hapa kulikuwa na giza.

Tumerudi kwenye feri usiku, kitinda mimba kalala begani kwa baba yake, Bibi kakumbatia mfuko wa nailoni. Nikajua kuna leso. Tulipofika kwa dada yake akaufungua mezani, kumbe jioni tulipopita njia ile akaona mama wa mbaazi kakaanga mengine, akanunua mahamri kumi na bakuli la mbaazi, ana furaha kweli, anamwambia "dada onja hizi, nimezipata mjini, hawa watu wanajua."

Dada mtu akachovya hamri, akatafuna, akalirudisha sahanini.

"Si mbaya," akasema. "Ila za mjini hizi. Ngoja kesho nikupikie mbaazi za Likoni."